Unyayo usioinuka: je, kuvaa kifaa kila siku kutaufanya mguu wangu uwe mvivu?

Mwalimu wa Makorora anauliza:

Assalamu alaikum, na habari za wakati huu, ndugu zangu. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Tanga mjini, umri wangu ni miaka 47, na nina swali ambalo nimezunguka nalo miezi miwili bila kupata mtu wa kunijibu kwa ukamilifu.

Mwaka jana niligongwa na bodaboda nikiwa juu ya baiskeli yangu, nikavunjika mguu wa kushoto chini kidogo ya goti. Nilifungwa plasta ngumu kuanzia pajani hadi karibu na vidole, nikakaa nayo wiki 8. Tangu siku za mwanzo nilieleza kwamba inanibana pembeni mwa goti, upande wa nje, na kwamba juu ya unyayo pamekufa ganzi, lakini nilikotibiwa niliambiwa nivumilie kwa kuwa mfupa ndio unaunga. Mfupa uliunga vizuri kabisa. Plasta ilipofunguliwa, sasa ni miezi 5 imepita, ndipo nilipogundua kwamba nikiuamuru unyayo uinuke, hauinuki. Naweza kuukandamiza chini, naweza kuugeuza kwa ndani, lakini kuuinua juu au kuugeuza kwa nje siwezi, na kidole gumba kimelala tu kama si changu.

Asiyepatwa na jambo hili hawezi kujua ni mambo mangapi ya siku hutegemea kuinua ncha ya mguu. Nikivaa kandambili, ya kushoto hubaki nyuma nami naendelea na safari yangu bila habari, mpaka mtu aniite. Nikitembea, hunibidi ninyanyue goti juu sana ili vidole visikwaruze chini, na kisha unyayo hupiga sakafu kwa kishindo. Wanafunzi wa darasa la tano wameshanipa jina la Mwalimu Jogoo, nami nimejifanya sijalisikia. Nimeanguka mara 3: mara moja kwenye kizingiti cha darasa, mara moja Soko la Mgandini mbele ya watu, na mara ya tatu nyumbani usiku, nilipojikwaa kwenye ukingo wa mkeka.

Miezi miwili iliyopita nilikwenda Dar es Salaam, nikatengenezewa kifaa cha plastiki chenye umbo la herufi L, kinachoshika nyuma ya kigimbi na kupita chini ya unyayo, chenye mkanda wa kunata chini ya goti. Jirani zangu wanakiita kalipa, ingawa kalipa nilizoziona utotoni, walizovaa watoto waliougua polio, zilikuwa za chuma na ngozi. Nasema kweli, kifaa hicho kiko kabatini. Sababu ya kwanza ni viatu, maana hakuna kiatu changu hata kimoja kinachokipokea. Ya pili ni joto letu hili, kwa kuwa kufikia saa tano asubuhi mguu unakuwa umelowa jasho kana kwamba nimetoka mtoni. Ya tatu ni msikitini, ambako sijui nikivue wapi na nitembeeje baada ya kukivua. Na ya nne, ambayo ndiyo inayonisumbua zaidi, ni kauli ya shemeji yangu kwamba mguu ukizoea kuegemezwa utasahau kazi yake, na kwamba nikijikaza kutembea bila kifaa, msuli utalazimika kuamka.

Naomba mnieleze: je, maneno ya shemeji yana ukweli? Je, nikivae siku nzima, au nusu siku, au nikiache? Na mguu ulio katika hali hii kwa miezi 5, bado una matumaini, au nianze kufikiria upasuaji?

Binti wa Chumbageni anajibu:

Shikamoo Mwalimu, na pole sana. Mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia, na watu wenye hali kama yako nawaona mara kwa mara, ingawa si wote walioipata kwa njia yako. Nitajibu kwa urefu, nawe uniwie radhi.

Kwanza weka kidole upande wa nje wa mguu wako, chini kidogo ya goti, utagusa kifundo kidogo cha mfupa. Hicho ni kichwa cha ule mfupa mwembamba unaokwenda sambamba na mfupa mkubwa wa ugoko. Chini kidogo ya kichwa hicho, neva iitwayo peronea huzunguka mfupa ikiwa karibu sana na ngozi, bila nyama ya kuikinga. Plasta inayobana mahali hapo huiumiza neva hiyo, na ajali yenyewe ya kuvunjika karibu na goti nayo huweza kuivuta au kuichubua, kwa hiyo mimi sitasema kwa hakika kilichotangulia ni kipi. Wapo pia walioipata kwa kuchuchumaa kutwa nzima wakipalilia, kwa kukaa muda mrefu wakiwa wamekunja nne, au kwa kulala kitandani wagonjwa mpaka wakakonda. Neva hii ndiyo inayopeleka amri kwa misuli ya mbele ya ugoko iinue unyayo, na kwa misuli ya pembeni iugeuze kwa nje. Kwa kuwa wewe bado unaweza kuugeuza kwa ndani, na hukutaja maumivu ya kiuno, dalili zinaelekea kwenye neva ya gotini kuliko kwenye mzizi wa neva uliobanwa na diski ya uti wa mgongo. Lakini daktari anapaswa kulithibitisha hilo kwa kukugusa na kukupima, mimi nasoma maandishi tu.

Sasa tuje kwa shemeji. Msuli ambao haupokei amri hauwezi kuamshwa kwa kukwaruza vidole barabarani. Kujikaza kwako kunazifanya nyonga na kiuno vifanye kazi isiyo yao, na ndiyo maana nadhani jioni unaumwa kiuno, ingawa hukusema. Kifaa hakizuii neva kuota. Hata hivyo, shemeji yako hakukosea moja kwa moja, kwa sababu msuli ambao umeanza kupokea amri kidogo kidogo unahitaji kuzoezwa, na kifaa kigumu hakiupi nafasi hiyo. Kwa hiyo kitumie kila unapotembea, hasa nje, shuleni, kwenye ngazi na usiku, kisha tenga nyakati za kukivua ukiwa umekaa, ufanye mazoezi. Jaribu kuinua unyayo hata kama hauonekani kusogea, ukiutazama na ukiuinua wa kulia pamoja nao.

Kitu ninachokihofia zaidi ya uvivu wa msuli ni kano ya kisigino. Unyayo unaoning'inia mchana na usiku huiacha kano hiyo ikiwa imelegea, nayo hufupika taratibu, mpaka siku neva ikipona unakuta kifundo cha mguu kimekaza na hakikunjiki tena. Kaa chini, nyoosha mguu, pitisha kanga au taulo chini ya vidole, ukivute kitambaa kuelekea kwako mpaka usikie mvuto kwenye kigimbi, ushikilie kwa sekunde 30, urudie mara 4 au 5, na ufanye hivyo asubuhi, mchana na usiku. Zoezi hili halina gharama yoyote, na ndilo ambalo wagonjwa wangu huliacha mapema kuliko yote. Usiku pia usijifunike shuka zito linalosukuma vidole chini.

Kuhusu matumaini, neva iliyobanwa tu bila kukatika nyuzi zake huamka ndani ya wiki kadhaa hadi miezi 3 hivi. Iliyokatika nyuzi za ndani lakini ganda lake likabaki zima huota upya kwa kasi ya karibu milimita 1 kwa siku, yaani kama sentimita 3 kwa mwezi. Kwako miezi 5 imepita, kwa hiyo huenda uko katika kundi hili la pili, na muda wako haujaisha. Gonga taratibu kwa ncha ya kidole kuanzia kwenye kile kifundo cha mfupa ukishuka ugokoni, uone ni wapi unasikia mchonyoto kama wa umeme unaokimbilia kwenye unyayo. Dalili hii ilielezwa na daktari Mfaransa Jules Tinel mwaka 1915, enzi za majeruhi wa vita, na mpaka leo tunaitumia. Weka alama ya kalamu, upime tena baada ya mwezi, na kama mahali pa mchonyoto pameshuka, neva inasafiri.

Lakini usikae nyumbani ukigonga tu. Miezi 5 bila msuli kuonyesha hata mtikisiko ni sababu ya kutosha ya kuomba rufaa ili upimwe upitishaji wa umeme kwenye neva, kwa sababu kama kuna kovu linaloibana, au kama imekatika, upasuaji wa neva wenyewe una faida zaidi ukifanywa mapema kuliko ukicheleweshwa. Msuli uliokaa mwaka mmoja na nusu hivi bila neva huwa vigumu sana kuurudisha.

Neno la mwisho ni kwa wasomaji wengine zaidi kuliko kwako. Mtu ambaye unyayo wake umelegea ghafla pamoja na maumivu ya kiuno, ganzi ya sehemu za siri, au kushindwa kukojoa, asisome majibu ya watu, akimbilie hospitali siku hiyo hiyo.

Babu wa Tongoni anajibu:

Marahaba kwa vijana wote mlionitangulia, na wewe Mwalimu, pole. Mjukuu wangu ndiye anayeandika, mimi nasema tu naye ananisahihisha pale ambapo hapana haja ya kusahihishwa.

Mguu wangu wa kulia ulilegea kwa sababu ya ukoma. Nalitaja jina la ugonjwa waziwazi kwa sababu watu hulificha, na kwa kulificha ndivyo wanavyopoteza miguu. Nilikuwa na baka lisilo na hisia mgongoni, nikalipuuza, na ulipofika mguuni uliishika neva hiyo hiyo aliyoieleza huyu binti. Dawa nilipewa bure, nikamaliza mwaka mzima wa kumeza, na vijidudu vikafa, lakini neva haikurudi, kwa kuwa nilichelewa. Niliambiwa baadaye kwamba lau ningefika ndani ya miezi 6 tangu mguu uanze kulegea, wangenipa vidonge vya prednisoloni vya kutuliza uvimbe wa neva, na huenda ningepona. Basi mwenye baka lisilosikia maumivu na mguu unaoanza kukwaruza asingoje.

Kifaa nimekivaa miaka 11. Cha kwanza kilikuwa cha chuma, kilichochomekwa kwenye buti zito, na ukisikia Mwalimu analalamika juu ya joto la plastiki, mimi nacheka peke yangu. Ninalotaka kumwambia ni hili: wewe unyayo wako kwa chini bado unasikia, na hiyo ni neema. Wa kwangu hausikii. Kifaa kilinichubua kisigino asubuhi, nikaja kukiona kidonda jioni kwa harufu ya damu kwenye soksi. Tangu siku hiyo kila usiku nakaa na kioo kidogo nikiutazama unyayo chini, pembeni na katikati ya vidole. Wewe juu ya unyayo pamekufa ganzi, kwa hiyo tazama hapo juu, mahali ambapo kiatu na mkanda hugusa.

Msikitini si tatizo kubwa kama unavyodhani. Mimi hufika mapema, kabla ya msongamano, nikakaa kwenye ukingo wa nje na kuvua kiatu na kifaa kwa pamoja, nikavifunga kwenye mfuko mmoja. Pa kuogopa ni mahali pa kutawadhia, pale penye maji na sakafu inayoteleza. Hapo sitembei bila mtu wa kunishika mkono, na sioni haya. Ndani nashika ukuta hadi kwenye kiti changu karibu na nguzo ya nyuma. Imamu wetu ndiye aliyeniambia niswali nimekaa, wala sikuomba. Kwako wewe, ambaye magoti yako ni mazima, huenda utaweza kuswali kama kawaida, na ni kule kusimama kutoka sijda ndiko kutakakokusumbua. Tanguliza mguu mzima.

Kuhusu upasuaji, mimi nilifanyiwa. Walichukua kano ya ule msuli unaougeuza unyayo kwa ndani, wakaipitisha mbele katikati ya mifupa miwili, wakaishikiza juu ya unyayo ili ifanye kazi ya kuinua. Nilikaa na plasta kama wiki 6. Kisha likaja jambo la ajabu ambalo hakuna aliyeweza kunieleza kabla halijanipata: nikiamuru unyayo uinuke, haukuinuka, lakini mtaalamu akiniambia, "Babu, geuza unyayo kwa ndani," nao ukapanda juu! Ilinichukua wiki nyingi za kuudanganya mguu mpaka ukajua kazi yake mpya. Leo natembea bila kifaa nyumbani na shambani, nakivaa nikienda mwendo mrefu tu. Lakini daktari alikataa kunipasua mara ya kwanza nilipokwenda, kwa kuwa kifundo changu kilikuwa kimekaza, akanirudisha nikanyooshe kano miezi 4. Basi lile zoezi la kanga usilidharau, hata ukija kuhitaji upasuaji litakuwa ndilo tikiti yako.

Na baiskeli panda, Mwalimu. Tanga bila baiskeli ni nini?

Fundi wa Viungo anajibu:

Salaam kwenu. Mimi ni fundi wa viungo bandia na vifaa saidizi, nilisomea Moshi, pale hospitali ya KCMC, kwenye chuo kilichoanzishwa mwaka 1981 ambacho kimefundisha mafundi wengi wa nchi hii na wa nchi nyingine za Afrika. Naomba niseme juu ya kifaa chenyewe, kwa sababu naona wengi hukipokea kama mtu anavyopokea kofia, wakadhani kazi imekwisha. Kifaa kinachokaa kabatini mara nyingi ni kifaa ambacho fundi hakumaliza kukirekebisha, au mvaaji hakurudi.

Kisigino cha kiatu ndicho cha kwanza. Kifaa chako kilitengenezwa kwa kipimo cha kisigino cha urefu fulani. Ukikivaa na kiatu chenye kisigino kirefu zaidi, goti litasukumwa mbele kana kwamba unashuka mlima, na ukikivaa na kiatu bapa kabisa goti litarudishwa nyuma, na jioni litauma. Kwa hiyo chagua viatu vyenye kisigino cha urefu ule ule uliokuwa nao siku ya kujaribisha, na usitembee na kifaa bila kiatu juu ya vigae, maana plastiki huteleza.

Viatu vya kuchomeka tu havifai, wala makubadhi hayafai, japokuwa najua Ijumaa itakuwa ngumu. Tafuta kiatu cha kamba au cha mkanda kinachofunguka mpaka karibu na vidole, kipana mbele, kinachoshika kisigino. Nenda kwenye mitumba ukiwa na kifaa mfukoni, na ukijaribishe palepale bila kumwonea haya muuzaji. Raba nyingi huwa na soli ya ndani inayotoka. Ng'oa soli ya ndani ya kiatu cha kushoto upate nafasi ya plastiki. Kama bado kinabana, nunua jozi iliyozidi saizi yako kwa namba moja, na ile soli ya ndani uliyoing'oa iongeze kwenye kiatu cha kulia juu ya ile iliyomo, nacho kitaacha kupwaya. Kwa njia hii hutalazimika kununua jozi mbili.

Kuhusu joto, vaa soksi ndefu ya pamba, nyembamba, inayofika juu ya ukingo wa kifaa, isiyo na mikunjo, na uwe na ya pili kwenye begi ubadilishe saa sita. Kifaa kioshwe kwa sabuni na maji ya kawaida kila usiku, kikaushwe kivulini. Tafadhali usikiache ndani ya gari juani wala karibu na jiko la mkaa, kwa sababu plastiki hii tuliipinda kwa moto, na moto utaipinda tena bila kukuuliza. Wapo watu waliokichemsha wenyewe ili kukipanua. Mikono ya fundi seremala haifai hapa, hata akiwa binamu yako.

Usianze na siku nzima. Saa 1 siku ya kwanza, saa 2 ya pili, uende ukiongeza kwa wiki moja hadi mbili. Kila ukivua, tazama ngozi: wekundu unaotoweka ndani ya dakika 20 au 30 ni wa kawaida, unaobaki ni kifaa kinachokuambia kirudishwe. Na jambo ambalo kwako wewe ni kubwa kuliko yote ni ukingo wa juu upande wa nje pamoja na mkanda wake, ambavyo havipaswi kukandamiza pale chini ya kile kifundo cha mfupa. Itakuwa ni msiba mtu kuumizwa neva na plasta, kisha aivalie kifaa kinachoibana palepale. Panapaswa kubaki nafasi ya upana wa vidole 2 kutoka kwenye kifundo hicho.

Kuhusu baiskeli, Babu wangu nakuheshimu, lakini Mwalimu asiufunge unyayo kwenye pedali kwa mpira kama ninavyoona vijana wakifanya. Siku akihitaji kuutoa haraka, hautatoka.

Mama wa Pongwe anauliza kwa nyongeza:

Samahani kwa kuingilia. Mume wangu alipata kiharusi miaka 2 iliyopita, naye unyayo wake wa kulia hauinuki, lakini wa kwake haukulegea, umekaza na kujipinda ndani. Kifaa alichopewa ni kigumu zaidi kuliko hiki mnachokisema, na kila ninapomvisha kisigino hakishuki mpaka chini, kinabaki juu kidogo, tukalazimisha, akapata malengelenge. Je, nifanyeje? Na je, yale ya milimita 1 kwa siku yanamhusu?

Binti wa Chumbageni anajibu:

Pole Mama. Ya milimita hayamhusu, kwa sababu kwake neva ya mguuni ni nzima, na hitilafu iko kwenye ubongo unaotoa amri. Ndiyo maana mguu umekaza badala ya kulegea, na ndiyo maana kifaa chake ni kigumu. Mvishe akiwa amekaa kwenye kiti, goti likiwa limekunjwa vizuri, kwa kuwa kigimbi hulegea goti linapokunjwa. Sukuma kisigino kwanza mpaka kiguse nyuma kabisa, funga mkanda wa kwenye kifundo kabla ya ule wa juu, kisha ndipo umvishe kiatu. Ukiona hata hivyo kisigino kinabaki juu, kano imefupika, usimlazimishe tena, bali mrudishe apimwe.

Mwalimu wa Makorora anarudi, baada ya wiki 3:

Nawashukuru wote, na Babu, shikamoo. Nimechelewa kurudi kwa sababu nilitaka nije na habari.

Raba nilizipata Ngamiani, nyeusi, pana, zilizozidi namba moja, na ule ujanja wa kuhamisha soli ya ndani umefanya kazi kiasi kwamba nimeudhihirisha mbele ya walimu wenzangu kama mtu aliyeuvumbua mwenyewe. Kwa siku 6 za kwanza nilikivaa kifaa kwa saa chache, sasa nakivaa kuanzia kengele ya asubuhi hadi ya mwisho. Sijaanguka. Kishindo kimepungua, na jina la Jogoo bado lipo, nadhani litabaki mpaka hao wa darasa la tano wamalize shule.

Alichokisema Fundi juu ya ukingo wa juu kilinikuta. Nilipopima, nafasi ilikuwa ya kidole 1 tu, na wekundu ulikuwa unabaki kwa saa nzima. Nimempigia simu fundi wa Dar es Salaam aliyenitengenezea, amesema nirudi akipunguze, nami nimepanga kwenda wiki ya likizo. Mpaka siku hiyo nimeulegeza mkanda na kuongeza kitambaa upande wa nyuma, na kila nikikaa darasani nafungua.

Rufaa ya kupimwa neva nimeipata, ingawa foleni ni ndefu. Nimegonga ugoko kama alivyoelekeza Binti. Siku ya kwanza mchonyoto ulikuwa upana wa vidole 4 chini ya kifundo cha mfupa, na jana nilidhani umeshuka kidogo chini ya alama, lakini mke wangu anasema alama yenyewe niliiandika upya baada ya kuoga na huenda sikuirudisha mahali pake. Nimenunua kalamu isiyofutika.

Shemeji alikuja Jumapili, akanikuta nimekaa sakafuni navuta kanga ya mke wangu chini ya vidole, akauliza ni dawa ya nani. Nilimsomea majibu yenu yote, hata lile la Babu la kuudanganya mguu, ambalo lilimpendeza kuliko mengine. Kuhusu baiskeli ameungana na Babu, mke wangu ameungana na Fundi, nayo imeegemezwa ukutani ikiwa na gurudumu la nyuma lisilo na upepo.